Kupiga stuko nje ya nyumba za milimani kwenye baridi ya kuganda na kuyeyuka: mwongozo kamili

Stuko ni lipu ya simenti, chokaa na mchanga inayopigwa nje ya ukuta. Kabla hujagusa mwiko elewa hili kwanza: baridi peke yake haivunji stuko. Stuko iliyokomaa vizuri na haina maji ndani inakaa kwenye baridi kali miaka na miaka. Kinachoivunja ni maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea, usiku yakaganda yakavimba kwa karibu asilimia 9, asubuhi jua likayayeyusha yakasogea ndani zaidi kwenye ule ufa mdogo yaliyoufungua jana, usiku yakaganda tena. Huko juu hali hiyo inaweza kujirudia karibu kila siku kwa miezi kadhaa. Kwaiyo kazi yote ninayoelezea hapa ni kazi ya maji: yasiingie kirahisi, yakiingia yapate njia ya kutoka, na simenti ipewe muda wa kukomaa kabla ya baridi ya kwanza kuikuta.

Halafu kuna jambo wengi hawaliangalii. Ukuta unaopigwa jua majira ya baridi mara nyingi ndo unaoumia zaidi, sio ule wa kivulini. Wa kivulini ukishaganda unakaa umeganda wiki nzima, lakini wa juani mchana unapanda juu ya sifuri na usiku unashuka, kila siku mzunguko mmoja. Ila usiusahau wa kivulini nao, maana ndo unaokaa na unyevu muda mrefu na theluji iliyorundikana chini yake inachelewa kuondoka.

Mwinuko wenyewe nao una mambo yake. Kila ukipanda mita 1000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu, na mionzi mikali ya jua inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Hewa ni nyepesi na mara nyingi kavu, upepo haukosekani. Yaani mchana lipu yako inanyang'anywa maji kabla simenti haijayatumia, usiku inatishiwa kuganda, yote ndani ya saa 24 hizo hizo. Ndo maana fundi mzuri sana wa tambarare anaweza kupanda mlimani akapiga ukuta kama alivyozoea na mwaka unaofuata ukaanza kubanduka.

Chagua muda kwanza, nyumba baadaye

Stuko ya simenti inataka joto lisiloshuka chini ya nyuzi 5 za sentigredi wakati wa kupiga na siku zinazofuata, na hapo naongelea hewa, ukuta wenyewe, mchanga na maji. Chini ya hapo simenti inafanya kazi polepole mno. Milimani kipimo cha mchana kinadanganya: saa nane mchana unaweza kuwa na nyuzi 18, saa kumi usiku ukawa na sifuri. Angalia joto la chini la usiku, sio la juu la mchana.

Ratiba yako ihesabu kurudi nyuma. Chukua tarehe ambayo kwa kawaida barafu ya usiku huanza kwenu, toa mwezi mmoja, hiyo ndo tarehe ya mwisho ya kumaliza koti ya pili, yaani tabaka la pili la lipu. Mwezi huo ni wa simenti kukomaa na kupoteza maji ya ziada, maana stuko ambayo ina nguvu lakini bado imejaa maji nayo inaumia ikiganda. Mtu akikwambia tutawahi tu, muulize usiku wa wiki ijayo utakuwa na nyuzi ngapi. Kama umechelewa, funga nyumba na karatasi ya kuzuia maji na uiache mpaka msimu ujao, ila soma kwenye pakiti hiyo karatasi inavumilia jua kwa muda gani, maana jua la huko juu linaila haraka.

Mahesabu ya vifaa

Mfumo ninaoelezea ni ule wa koti tatu juu ya wavu wa chuma, ambao ndo wa kuaminika kwa nyumba za fremu ya mbao. Koti ya kwanza milimita 10, ya pili milimita 10, finishi milimita 3, jumla kama 22 hadi 23. Stuko hiyo inakuwa na uzito wa kama kilo 50 kwa mita moja ya mraba kwaiyo hakikisha fremu imejengwa ikijua hilo.

Kwa ukuta wa mita za mraba 100, koti mbili za chini, ukitumia mchanganyiko wa simenti 1, chokaa nusu na mchanga 4 na nusu kwa ujazo, andaa mchanga kama mita za ujazo 2.2, simenti mifuko 15 au 16 ya kilo 50, na chokaa kama kilo 150 hadi 160. Hapo nimeshaweka na ya kumwagika. Chokaa iwe ile ya ujenzi iliyozimwa, ya unga, sio ya kupaka tu.

Mchanga ndo kitu cha kukagua kwa macho yako. Uwe msafi, wa punje mchanganyiko kubwa na ndogo, usio na udongo wala chumvi. Chukua chupa inayoonyesha ndani, jaza mchanga nusu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu uiache usiku kucha: asubuhi ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, rudisha hiyo gari. Tope linakunywa maji mengi, stuko inasinyaa sana na inakuwa na vinyweleo vingi, na vinyweleo vingi kwenye baridi ndo mlango wa uharibifu.

Ukuta ulio nyuma ndo stuko yenyewe

Hapa ndo nitakaa sana kwa sababu hapa ndo nyumba nyingi hufia. Stuko sio koti la mvua. Inapitisha maji kiasi, lazima, na kinachozuia maji kweli ni karatasi iliyo nyuma yake.

Bodi za nje, plaiwudi au OSB (bodi ya vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi), ziachiwe nafasi ya milimita 3 kati ya moja na nyingine ili zikivimba zisisukumane. Zikisukumana zinatunisha ukuta na stuko inapasuka kwenye mstari ulionyooka kabisa, ukiona ufa wa namna hiyo jua ni bodi. Ziwe kavu. Bodi iliyonyeshewa wiki nzima usiifunike.

Juu ya bodi weka tabaka mbili za karatasi ya kuzuia maji, sio moja. Watu wanabana hela hapa wanaona ni kurudia kitu kile kile. Lipu mbichi inashikana na karatasi ya nje, inaikunja na kuikwaruza, kwaiyo hiyo ya nje ichukulie kama imejitoa mhanga. Ya ndani inabaki huru, na kati ya hizo mbili ndo maji yanapoteremkia. Tabaka ya ndani ndo inayounganishwa na flashingi zote, yaani bati au tepu za kuelekeza maji nje, za madirisha na milango. Ukiweka moja, stuko inaishika na maji yanakosa njia.

Kwa milimani mimi nashauri uongeze mkeka wa kupitisha maji, ile nyavu ya plastiki ya unene wa milimita 6 hadi 10, kati ya karatasi ya ndani na ya nje. Unaacha uwazi wa kweli ambao maji yanashuka na hewa inapita, na ukuta unakauka mara nyingi zaidi kati ya baridi na baridi. Ni gharama ya ziada, ila kama kuna kitu kimoja cha kuongeza juu ya mfumo wa kawaida ni hicho.

Karatasi inapangwa kuanzia chini kwenda juu, ya juu ikilalia ya chini kwa angalau sentimita 5, na pale inapounganishwa pembeni zipandane sentimita 15. Kila mahali jiulize swali moja: tone la maji likishuka hapa litaangukia nje ya karatasi ya chini au litaingia nyuma yake. Ukijibu hilo kwa kila mshono huhitaji mtu wa kukukagua.

Dirisha lifanye hivi. Kwanza kizingiti cha chini kifunikwe na flashingi yenye kingo zilizopanda pembeni na kwa nyuma, kama sinia, ikimwaga maji juu ya karatasi ya ndani iliyo chini ya dirisha. Halafu weka dirisha, funga tepu ya flashingi pembeni zote mbili, kisha ya juu ikilalia za pembeni, halafu karatasi ya ukuta wa juu ilalie hiyo ya juu. Ukingo wa chini wa dirisha USIZIBWE, narudia usizibwe, maana maji yaliyoingia yanatokea hapo. Nimeona mafundi wakiziba pande zote nne kwa nia njema kabisa na dirisha likageuka bwawa.

Pale paa la chini linapokutana na ukuta na kuishia katikati ya ukuta, weka flashingi ya kurusha maji nje, kile kibati kilichopinda mwishoni mwa paa kinachosukuma maji yaangukie kwenye gata. Bila hicho maji ya paa zima yanaingia nyuma ya stuko sehemu moja, na majira ya baridi theluji inayoyeyuka juu ya paa inafanya hivyo hivyo kila mchana. Stuko yenyewe isiguse paa, acha angalau sentimita 5 juu ya vigae au bati ili theluji iliyolala isiwe inanyonywa na ukuta.

Na ndani ya nyumba: watu wanapika, wanaoga, wanapumua, mvuke unatafuta kutoka kwenda kwenye ubaridi. Ukipita kwenye ukuta unakutana na bodi ya baridi unageuka maji. Weka kizuizi cha mvuke upande wa ndani, wenye joto, ziba matundu ya hewa kwenye swichi na mabomba, na kama una uwezo weka insuleshini (kizuia baridi) ya bodi upande wa nje ili bodi za mbao zikae na joto. Insuleshini ya nje inamaanisha skrubu ndefu zaidi za kushikia wavu, zifike kwenye nguzo za fremu kweli.

Reli ya chini, bidi na jointi

Chini kabisa ya ukuta kunakaa reli ya mabati yenye matundu, ndo inayotoa maji yote yaliyoshuka nyuma ya stuko. Ikae angalau sentimita 10 juu ya udongo na sentimita 5 juu ya sakafu ngumu kama lami au zege. Hicho ni kiwango cha chini. Mahali pa theluji nyingi mimi ningeipandisha mpaka sentimita 20 au 30 kama msingi unaruhusu, kwa sababu theluji iliyorundikana ukutani inayeyuka polepole upande wa nyumba yenye joto na kulowesha sehemu ile ile kwa miezi. Karatasi zote mbili zilalie ubawa wa reli kwa mbele, zisiingie nyuma yake. Na usije ukaiziba na silanti (gundi ya kuziba mianya) wala kuifukia kwa mawe ya bustani.

Kuzunguka madirisha na milango weka bidi za kumalizia, zile reli nyembamba ambazo stuko inaishia, na uache mwanya wa kama milimita 10 kati ya bidi na fremu ya dirisha. Mwanya huo unajazwa kamba ya povu halafu silanti inayonyumbulika. Stuko ikigusa fremu moja kwa moja, dirisha linatanuka na kusinyaa tofauti na simenti, panafunguka ufa, maji yanaingia, na hadithi unaijua.

Jointi za kugawa ukuta, yaani miachano ya makusudi inayouacha utembee bila kupasuka, zinafuata viwango vya Marekani vya ASTM C1063 ambavyo mafundi wengi wa stuko hutumia: kipande kimoja kisizidi mita za mraba 13.4, upande mmoja usizidi mita 5.5, na urefu usizidi upana mara 2 na nusu. Milimani usiende mpaka mwisho wa vipimo hivyo, gawa vidogo kidogo, maana tofauti ya joto kati ya mchana wa jua na usiku ni kubwa na ukuta unatembea zaidi. Zipange zikutane na kona za madirisha na mstari wa ghorofa, hapo ndo ukuta unapotaka kupasuka hata usipoupa ruhusa. Nyuma ya jointi wavu ukatwe, usipite mzima, kama wavu umepita jointi inakuwa pambo tu.

Wavu

Tumia wavu wa chuma uliopakwa zinki, ule wenye vibonyeo vya kuuinua kama milimita 6 kutoka ukutani ili lipu ipite nyuma na kuukumbatia. Wavu uliobanwa bapa kwenye karatasi haushikwi na kitu. Vipande vipandane milimita 13 kwa urefu na milimita 25 kwenye ncha, na ncha zisikutane mstari mmoja kila safu.

Funga kwenye nguzo za fremu, sio kwenye bodi tu, kila sentimita 15 hadi 18, na msumari au skrubu iingie kwenye mbao angalau milimita 25. Kwenye kona za madirisha kata wavu umbo la L ili usiwe na mshono unaoanzia kwenye kona yenyewe, halafu ongeza kipande kidogo cha mshazari juu yake. Kuna ufa unaotoka kona ya dirisha ukipanda kwa mshazari utauona kwenye nyumba nyingi sana, hicho kipande ndo dawa yake.

Kama nyumba yako ni ya tofali au zege hakuna haja ya wavu ukuta ukiwa wa kukwaruza, sio laini, na msafi. Osha, lowesha uache uso ukauke kidogo, rusha tope jembamba la simenti na mchanga lishike, kisha koti moja ya chini na finishi. Zege laini lenye mafuta ya fomu, yale yanayopakwa mbao za kumwagia zege, lichubue kwanza.

Mchanganyiko

Koti ya kwanza: simenti 1, chokaa nusu, mchanga 4 hadi 4 na nusu. Koti ya pili ongeza mchanga kidogo, 5 hadi 5 na nusu, isiwe ngumu kuliko iliyo chini yake. Koti ngumu juu ya laini inajivua. Chokaa usiiondoe, ndo inayofanya lipu ishike maji na ivumilie kutembea kwa ukuta.

Sasa siri ya kuganda na kuyeyuka ni hewa. Simenti yenye viputo vidogo sana vya hewa inapata nafasi ya kupokea maji yanayovimba, badala ya kupasua kuta za vinyweleo yanasukumwa kwenye viputo hivyo. Tumia simenti iliyotengenezwa na kiingiza hewa au ongeza dawa ya kuingiza hewa kwa kipimo cha mtengenezaji, moja kati ya hizo mbili, sio zote pamoja, hewa ikizidi nguvu inaanguka. Nyuzinyuzi za plastiki nazo zinasaidia mipasuko ya siku za kwanza, weka kidogo.

Usitumie chumvi ya kloridi ya kalsiamu kuharakisha simenti. Itaharakisha kweli, na itakula wavu wako ndani ya ukuta ambapo huuoni. Na hakuna dawa ya gari ya kuzuia kuganda inayofaa kwenye lipu.

Changanya dakika 3 hadi 5 baada ya kila kitu kuingia kwenye miksa. Maji yapimwe kwa ndoo ile ile kila mara, kijana wa miksa asiwe anakisia na mpira. Lipu itumike ndani ya saa moja na nusu, na milimani kukiwa na jua na upepo hesabu saa moja. Asubuhi ya baridi unaweza kupasha maji, lakini yakutane na mchanga kwanza ndo simenti iingie, maji ya moto sana yakiigusa simenti inaganda papo hapo mkononi. Mchanga ufunikwe turubai usiku, bonge la mchanga lenye barafu likiingia kwenye miksa litaacha shimo ukutani.

Koti ya kwanza

Zungushia jukwaa neti ya kivuli au turubai kabla ya kuanza. Hiyo ni lazima, sio starehe. Piga ukuta ambao jua limeshaondoka, ukiufuata kivuli mchana kutwa, na uwe na watu wa kutosha kumaliza kipande kizima kutoka jointi hadi jointi bila kusimama. Mshono wa lipu ya leo na ya jana katikati ya kipande utaonekana milele na maji yataupenda.

Bonyeza lipu kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, mwiko ukilala kidogo, mpaka uone inajaa nyuma ya wavu na wavu hauonekani tena. Milimita 10. Ikianza kushika, ukibonyeza dole gumba linaacha alama lakini lipu haikung'ang'anii, kwaruza mistari ya kulala, usikwaruze ya kusimama. Mistari ya kulala inashika koti ya pili na inashikilia maji unayomwagilia, ya kusimama inayamwaga yote chini.

Kumwagilia ndo pale kazi ya milimani inashinda au inashindwa. Siku mbili kamili koti hii isikauke. Tumia pampu ya mgongoni yenye pua ya ukungu, sio mpira unaochimba, na upulizie mara mbili kwa siku hali ikiwa tulivu, kukiwa na upepo na hewa kavu hata mara nne au tano. Angalia rangi: ukuta ukianza kupauka kwa madoa, hasa pembeni na juu ambako upepo unagonga, umechelewa kidogo, puliza sasa hivi. Unaweza kufunika na plastiki pia. Ila kama usiku unakaribia sifuri acha kupuliza mapema mchana, uso usiingie usiku ukiwa umelowa chepechepe, funika badala yake.

Koti ya pili

Lowesha koti ya kwanza kwa ukungu, uso uwe na unyevu lakini usiwe unang'aa maji. Piga milimita 10, vuta rula ndefu ya alumini kwenye bidi na jointi, jaza mashimo, vuta tena. Ukuta usizidi kupinda milimita 6 kwa kila mita 3.

Baada ya hapo subiri mng'ao wa maji uishe, kisha piga floti (kibao cha kusawazishia) kwa nguvu, duara kwa duara. Wengi wanaona hii ni kulainisha tu, kumbe inashindilia punje na kufunga mipasuko ya kusinyaa kabla haijaonekana. Ukiwahi sana unavuta maji juu na uso unakuwa wa unga, ukichelewa unakwaruza tu. Mwagilia tena siku mbili au tatu kwa namna ile ile.

Halafu subiri. Angalau siku 7 kabla ya finishi, na kama hali ya hewa inakupa nafasi subiri hata wiki mbili au tatu. Nyufa za kusinyaa zitoke sasa, wakati bado unaweza kuzifunika, kuliko zitoke kwenye rangi yako.

Finishi

Una njia mbili. Finishi ya simenti, chokaa na mchanga inapumua vizuri, inavumilia jua, na inakarabatika. Ya akriliki, yaani yenye gundi ya aina ya plastiki, ni nyembamba na inanyumbulika, inaficha nyufa ndogo, ila inataka joto la nyuzi 5 na kuendelea usiku na mchana mpaka ikauke, na baadhi zinazuia mvuke kuliko nyingine, uliza kiwango chake cha kupitisha mvuke kabla ya kununua. Kwa mlimani naegemea ya simenti, yenye uso wa mchanga wa kukwaruza. Uso laini wa mwiko wa chuma unapasuka kama utando wa buibui na jua la pembeni la asubuhi linaonyesha kila kosa. Rangi iwe isiyokolea, ukuta mweusi kwenye jua la baridi unapanda joto sana na kushuka sana.

Usipige stuko mahali palipolala: juu ya ukuta wa uzio, juu ya kizingiti cha dirisha kilichotokeza, juu ya pambo. Theluji inakaa pale wiki nzima. Weka kofia ya bati yenye mteremko na mdomo wa kudondoshea maji mbele ya ukuta.

Na usipake juu ya stuko rangi nene ya mpira eti kuzuia maji. Inazuia ya nje, na inafungia ya ndani. Ukitaka kinga ya ziada tumia dawa ya silani au siloksani baada ya siku 28, inafukuza maji lakini mvuke unapita.

Baridi ikikukuta katikati ya kazi

Funga jukwaa lote kwa turubai, uache uwazi mdogo kati ya turubai na ukuta, upashe joto ukuta kabla ya kupiga sio baada. Hita iwe ya umeme, au ya mafuta ambayo moshi wake unatolewa nje na ndani inaingia hewa ya moto safi tu. Hita inayowaka wazi humo ndani ni hatari kwa pande mbili: inaweza kuua watu kwa hewa ya kaboni monoksidi, na kaboni dioksidi yake inafanya uso wa lipu mbichi uwe laini wa kuchubuka. Hewa ya moto inakausha pia kwaiyo ukungu wa maji uendelee. Weka kipima joto ukutani kwenyewe upande wenye ubaridi zaidi, sio karibu na hita, na joto lisishuke chini ya nyuzi 5 mpaka angalau saa 48 baada ya kupiga. Ukizima, zima polepole.

Lipu iliyoganda ikiwa mbichi utaitambua. Uso unaonyesha michoro kama majani ya ferni, ni alama za fuwele za barafu, na ukisugua kwa kidole unatoka unga. Hiyo haikomai tena hata jua likirudi. Ng'oa sehemu hiyo mpaka ufike penye ugumu, usipige koti nyingine juu yake kwa matumaini.

Miaka inayofuata

Kila mwisho wa kiangazi zunguka nyumba. Safisha gata, angalia silanti kuzunguka madirisha, gonga ukuta kwa mpini wa bisibisi usikilize: sauti ya utupu maana yake stuko imeachana na kilicho nyuma. Madoa ya kahawia chini ya kona za madirisha sio uchafu, ni maji yanayopita nyuma, fungua uangalie flashingi kabla ya kupaka chochote. Ufa mwembamba usiozidi milimita 1 na nusu unazibwa na tope la finishi lenye rangi ile ile, lisuguliwe ndani na sponji. Ufa mpana zaidi, au unaorudi kila mwaka mahali pale pale, una sababu nyuma yake na kuuziba juu ni kufungia maji.

Wakati wa theluji sukuma marundo mbali na ukuta, na chumvi ya kuyeyusha barafu usiimwage karibu na stuko, inaongeza mizunguko ya kuganda na inaila reli ya chini. Hiyo reli iangalie majira ya kuchipua theluji ikiisha, chukua waya mwembamba upitishe kwenye matundu moja moja mpaka uhakikishe yote yako wazi.